Jangwa la Tharcisse

Ukikuta picha ya harusi ya Wakongo iliyopigwa popote kati ya Fort Worth na Houston, ambayo bibi harusi hajafumba macho na mama mkwe hajakatwa kichwa, aliyeipiga ni Tharcisse. Bwana huyu amepiga harusi, ubatizo, matanga, mahafali, na siku za kuzaliwa za watoto ambao leo nao wanabeba watoto. Alianzia kambini Nyarugusu, kule Tanzania, akiwapiga watu picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe, na alipofika Texas hakupumzika. Siku za kazi yuko ghalani akipanga maboksi. Jumamosi na Jumapili yuko kanisani na kwenye kumbi, shingo imeinama kwa kamera mbili. Watu wanamwita Papa Photo, na wengi wao jina lake halisi hawalijui.

Kama unadhani mpiga picha ni mtu huru, basi hujawahi kusimama na kamera kwenye harusi ya Wakongo. "Papa Photo, huku!" "Papa Photo, umemuruka tantine, shangazi yetu!" "Papa Photo, unipunguze tumbo!" Kila aliyevaa suti ni bosi wake. Hata marehemu wana ndugu wa kuwasemea waonekane vipi. Tharcisse alikuwa anatabasamu, anageuka huku, anageuka kule, na kwa miaka hiyo yote haikumpitia akilini kwamba anaweza kuelekeza lenzi mahali ambapo hakuna aliyemwagiza.

Aliyemchokoza ni Zoé, binti wa Kikongo aliyekulia Houston, msimamizi wa nyumba ndogo ya maonyesho ya picha huko huko. Alikuwa anaandaa maonyesho ya wapiga picha waliotoka Afrika, kila mmoja apewe ukuta wake. Tharcisse akamchagulia zile bora: maharusi, mashemasi, akina mama wa kwaya na vitenge vyao. Zoé alizitazama zote bila haraka.

"Papa, ni nzuri sana," akasema. "Lakini hizi ni za ma-clients. Zako njo zipi?"

Tharcisse akacheka. Kisha akaacha kucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani Arlington alikuwa anapekua kichwani akitafuta picha moja tu ambayo hakuna mtu aliyemwomba aipige, na hakuipata. Zoé alikuwa amempa muda hadi Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tatu. Asipoleta picha zake mwenyewe, ukuta utapewa mwingine.

Ndipo lilipomwingia jangwa. Mwenzake wa ghalani, Sheldon, alizaliwa mbali huko magharibi ya Texas, karibu na mpaka wa Meksiko, ambako gari huenda hadi nyumba zinakwisha, halafu nguzo za umeme zinakwisha, halafu simu inanyamaza. Sheldon alimwonyesha picha za nyumbani kwao kwenye simu: mawe, milima isiyo na mti, na maua yanayotoka mwanzo wa machipuko kisha yakatoweka. Tharcisse alirudia kuziangalia mapumziko yote ya chakula. Alimwambia mkewe Rosette jioni ile: "Mama Kethia, kuna mahali hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia 'Papa Photo, huku.' Mimi naenda."

Rosette akasema, "Mm." Ile "mm" Tharcisse aliisikia kama ndiyo.

Maandalizi yalianza mara tu baada ya mwaka mpya, na sebule ikageuka stoo. Sheldon alikuwa amemfundisha kama mtoto: beba maji mengi kuliko unavyofikiri yanatosha, ukiona kituo cha mafuta jaza, hata kama tangi halijapungua, beba tairi mbili za akiba, siyo moja, nunua ramani ya karatasi kwa sababu simu itakusaliti, na gari likikufia, usiliache, kaa kwenye kivuli chake hadi watu waje. Tharcisse alitii yote. Madumu ya maji yalipangwa nyuma ya kochi. Ramani ilibandikwa ukutani mahali palipokuwa na picha ya harusi yao, jambo ambalo Rosette aliliona na hakulisema. Hema alilijaribu mchana mmoja wa Jumamosi kwenye nyasi za pale wanapoishi, watoto wa majirani wote wakaingia ndani wakagoma kutoka, na meneja akaja kuuliza kama kuna familia imefukuzwa nyumba.

Kilichomshinda ni kitu kimoja ambacho Sheldon hakumfundisha. Alikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala ajizoeze kupiga picha zisizo na mtu, na mikono haikujua ifanye nini. Hakuna kidevu cha kuinua, hakuna tai ya kunyoosha. Alijikuta anakiambia kisiki, "Sogea kidogo." Alijicheka mwenyewe hadi akakaa chini. Lakini alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, na polepole jicho likaanza kutulia. Alijisikia kijana. Hata ghalani walimuuliza kama ameongezwa mshahara.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa anamsaidia. Rosette alikaanga dagaa na karanga za njiani. Binti yao Kethia, anayesoma chuo na kujibu Kiswahili kwa Kiingereza, alimletea filimbi ya kupuliza akipotea. Na kanisani, kama ilivyo desturi, asiye na kawaida ya kusafiri haondoki bila kuombewa. Walimwita mbele, mjomba Élysée, mkubwa wa ukoo wa Rosette hapa Texas, akamwekea mkono kichwani akaiombea barabara, akaliombea gari, akaiombea kamera. "Amina" ya Rosette ilisikika kuliko zote. Tharcisse alitoka pale machozi yakimlengalenga, akawaza kwamba hakuna mtu mwenye watu kama yeye.

Ilibaki kulikagua gari tu, na gari la Tharcisse halikaguliwi na mtu mwingine ila Sadock. Sadock anakaa Carrollton na anatengeneza magari ya watu mbele ya nyumba yake. Kambini alikuwa anatengeneza baiskeli, na ndiye aliyekuwa anamshikia Tharcisse shuka jeupe upepo ukivuma. Ndiye aliyemsimamia harusi. Sadock akilifungua gari lako akasema ni zima, unaendesha hadi mwisho wa dunia bila wasiwasi.

Sadock alilizungusha mtaa mzima, akarudi akishika tambaa la mafuta, akatikisa kichwa.

"Mwenzangu, boîte inakufa," akasema.

"Boîte? Gia zote zinaingia, mbona mimi sisikii kitu?"

"Wewe uko unasikia kwa masikio. Mimi nasikia kwa mikono. Hapa mjini itakwenda. Kule jangwani itakuacha, na utakufa na kiu. Acha niitafutie pièce yake."

Tharcisse alimshukuru. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine, kwamba alimshika mkono akamshukuru. Safari ikasogezwa wiki moja. Kifaa hakikuja. Ikasogezwa tena. Kifaa kikaja, Sadock akasema kimekosewa, kimerudishwa. Tharcisse akafikiria kukodi gari, lakini Kethia akamsomea masharti kwenye simu: "Dad, ukienda barabara ya vumbi hawakulipii kitu. They won't cover it." Akaacha. Kila siku Sheldon alimletea habari kwamba maua yametoka, maua yamejaa bondeni, maua yameanza kunyauka. Tharcisse alianza kula chakula bila kukitazama.

Halafu Matumaini akapiga simu. Matumaini ni binamu yake Rosette, anakaa Houston, mtaa wa Gulfton, na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ile ya mwisho kabla ya siku ya Zoé. Tangu mwanzo wa mwaka Tharcisse alikuwa amemwambia atafute mpiga picha mwingine, yeye atakuwa safarini. Sasa hakuwa na safari wala sababu.

"Nitakuja," akamwambia. Madumu ya maji aliyamwaga kwenye sinki, moja moja, na Rosette akamshikia mfuniko.

Waliondoka Arlington asubuhi kwa gari lile lile, Rosette na Kethia nyuma, Sadock mbele. Tharcisse alikuwa ameuliza kama gari litafika, na Sadock akajibu, "Houston? Itafika tu." Walipopita Corsicana, Tharcisse akasikia mkoromo. Akageuza jicho. Sadock alikuwa amelala mdomo wazi, kiti amekilaza, viatu amevua.

Hapo ndipo kitu kilipomchoma. Tharcisse anamjua Sadock. Sadock ni mtu ambaye akipanda gari lenye breki za wasiwasi hukaa ameshika mlango na mguu unakanyaga breki ambayo haipo. Na sasa analala katika gari ambalo boîte yake inakufa, upande wa kushoto malori, upande wa kulia malori. Tharcisse akajilazimisha kuliacha wazo lile, kwa sababu lilikuwa wazo baya kwa rafiki. Lilimfuata hadi Houston.

Harusi ilikuwa nzuri, tusimnyime Matumaini haki yake. Tharcisse aligeuka huku, akageuka kule. Maharusi walipokwisha kuingia ukumbini na watu kukaa, Matumaini alimwendea pale alipokuwa anabadilisha betri, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo.

"Shemeji, merci mingi," akasema. "Si kila mwanaume anainamia kikao."

"Kikao gani?"

"Si kile cha safari yako! Mimi nilikuwa kwa video, network inakatika, inakatika. Lakini nilisikia vile mjomba Élysée alisema familia inakukataza jangwa, na Sadock ashike gari mpaka harusi ya mtoto ipite. Njo nikasema, shemeji iko na heshima kweli. Mwingine angepiga kelele."

Na hapo, jamani, ndipo mtu anaposhindwa hata kumkasirikia Matumaini. Kwetu kikao kikikaliwa kuhusu mtu, mwenyewe haitwi, maana akiwepo atabisha. Wakubwa wanakata shauri, wanamtuma mmoja amweleze, na huyo mtu akikubali, kila aliyekuwepo ana deni la kumshukuru. Matumaini alikuwa anafanya adabu tu. Sehemu waliyosema asielezwe ilimezwa na mtandao mbovu.

"Kilikuwa wapi?" Tharcisse akauliza, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu.

Uso wa Matumaini ukaanza kubadilika. "Si kwenu? Siku ile ulikuwa kwa ubatizo Fort Worth." Akamwachia mkono. "Shemeji... walikuelezaka, sivyo?"

Kwake. Kwenye kochi lake, madumu yake yakiwa nyuma ya migongo yao, ramani yake ikiwatazama. Akapiga hesabu ya siku akaona jambo lililomfanya ashike meza: kikao kilitangulia maombi. Walipomwekea mkono kichwani na kuliombea gari, safari ilikuwa imeshazikwa, na wote walijua, na Rosette alisema amina. Dagaa Rosette aliwakaanga akijua mumewe haendi popote. Filimbi ya Kethia. Hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba. Alijiona mpumbavu, mpumbavu mzima wa miaka hamsini na kitu, anayekiambia kisiki kisogee huku watu wazima wanajizuia kucheka.

"Papa Photo! Huku! Picha ya familia!"

Kazi ni kazi. Akaenda. Ukoo wote ulikuwa umepangwa ngazini, bibi harusi katikati, mjomba Élysée na fimbo yake, Sadock pembeni kwa sababu amekwisha kuwa ndugu, Kethia, Rosette katika kitenge kipya cha buluu. Wote wakimtazama yeye. Tharcisse ana neno lake la kutabasamisha watu, kila Mkongo wa Texas analijua: "Semeni ndizi!" Midomo inavutika yenyewe. Walikuwa wameshaanza kuivuta.

Tharcisse akainua kamera. "Semeni kikao," akasema.

Bibi harusi, ambaye hakujua lolote, akaendelea kucheka. Mjomba Élysée alishusha kidevu. Sadock akatazama viatu. Kethia aligeuka kumtazama mama yake, na Rosette hakugeuka popote, alitazama ndani ya lenzi moja kwa moja, uso mtupu, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hajavaa. Tharcisse akabonyeza mara moja.

"Haya, sasa ndizi," akasema, akapiga ile waliyoitaka.

Baadaye nyuma ya ukumbi aliitazama kwenye kioo cha kamera. Kwa maisha yake yote hakuwahi kupiga picha kama ile. Hakuna aliyeiagiza. Hakuna aliyemwambia asimame wapi. Alikuwa amepata alichotumwa na Zoé, na alikipata kwa bei ambayo asingeichagua.

Sadock alimfuata kwenye maegesho.

"Boîte iko namna gani?" Tharcisse akamuuliza.

Sadock akainama akatazama tairi. "Ni mzima."

"Tangu lini?"

"Haikugonjwaka."

"Sadock. Mke wangu akinikatalia, ni mke wangu. Mjomba akinikatalia, ni mjomba. Wewe ulinisimamia arusi."

"Njo maana walinituma mimi," Sadock akasema, na macho yake yakajaa. "Walisema hautaamini mwingine. Nilikataa mara ya kwanza, Tharcisse, uliza. Halafu Rosette akalia."

"Na ukalala njiani."

"Nilichoka kukudanganya. Nilijisikia kama kazi ile imekwisha."

Tharcisse akamwambia atafute gari lingine la kumrudisha Carrollton, kwa sababu hili lake si zima. Alisema kwa ukali, na hakupata raha aliyoitarajia.

Walirudi bila kungoja keki, jua likiwa bado juu, Kethia nyuma amevaa vipokea sauti ambavyo havikuwa vinalia chochote. Injini ilinguruma, nzima kabisa.

"Alain naye alisema anaenda na kurudi," Rosette akasema hatimaye. Alain alikuwa kaka yake. Alitoka nyumbani, kule juu ya Uvira, kwenda kutafuta chumvi, akakatisha nyika peke yake, na hadi leo hakuna aliyewahi kuonyesha hata kiatu chake. "Kila dumu ulilopanga mule ndani, niliona Alain. Kila moja. Mimi siwezi kungoja mtu tena, Baba Kethia. Siwezi."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha. Sikuwahi kukuona na furaha vile." Akafuta pua na ncha ya kitenge. "Tungekuambia usiende, ungekubali?"

Tharcisse akakaza macho barabarani. Alikuwa na jibu, lakini hasira ililikalia.

Jumapili alikataa kwenda kanisani, na mchana akamtumia Zoé ile picha moja. Jibu lilikuja hapo hapo, kwa sauti, Zoé anakaribia kupiga kelele: "Papa! Hii! Hii njo yako! Naiweka peke yake, ukuta mzima!" Kisha akatuma nyingine, ametulia: "Kitu kimoja tu, Papa. Hawa watu uliwauliza? Wasipokubali mimi siwezi kuitundika."

Tharcisse aliishika simu. Kuandika "ndiyo" ni kazi ya kidole. Houston ni mbali, na katika watu wale hakuna hata mmoja anayekwenda kutazama picha kwenye nyumba ya maonyesho. Wangejuaje? Wao walikaa sebuleni kwake wakamwamulia, na yeye angekaa sebuleni hapo hapo akawaamulia. Kikao cha mtu mmoja. Kidole kilikuwa kimeshaandika herufi za kwanza, na alisikia utamu wa jambo lile mdomoni.

Akainuka akaenda jikoni. Rosette alikuwa anachambua mchele. Tharcisse akaiweka simu mbele yake, na Rosette akajiona. Alijitazama muda mrefu, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya mchele.

"Nataka kuipeleka hii Houston, watu waione," Tharcisse akasema. "Nitawauliza na wengine. Lakini naanza na wewe. Unakubali?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, basi."

Rosette alimtazama kama anatafuta ujanja ulipofichwa. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana," akasema polepole. "Sitaki watu wanione hivi."

Tharcisse akaifuta kwenye simu, mbele ya macho yake. Akaenda kuleta kamera, akaifuta na mle. Akamwandikia Zoé kwamba picha hakuna, aifute na yeye, ukuta ampe mwingine. Alipomaliza aliilaza simu kando ya mchele.

"Umeona, Mama Kethia," akamwambia. "Ilikuwa ni kuniuliza tu."